Sura ya Sita: Nani Kalinganishwa na Nani

Kampasi ya Kiriri imekaa mlimani, mashariki ya Bujumbura, katika majengo ya iliyokuwa shule ya Wajesuiti, Collège du Saint-Esprit. Ukisimama uani unaliona jiji limetandazwa chini yako, kisha Ziwa Tanganyika, kisha milima ya Kongo ng'ambo. Kwa mwanafunzi wa uhandisi mandhari hiyo ina hatari yake: kutoka juu huku watu huonekana wadogo na wote sawa.

Msimu wa memwari ukifika, yaani ile tasnifu ya kumalizia masomo, swali moja huwafuata wasimamizi hadi kwenye maegesho ya magari: "Profesa, data ninazo. Sasa nitumie kipimo gani cha takwimu?" Swali lenyewe ni jema, ila limechelewa. Data zikishaingia kwenye Excel, jibu limeshaamuliwa na mambo yaliyofanyika wiki nyingi kabla: nani aliitwa, nani alipewa nini, nani alianza na kipi. Kipimo hakichaguliwi kutoka kwenye orodha ya vipimo. Kinazaliwa na namna jaribio lilivyopangwa, na jaribio likipangwa ovyo huzaliwa bila kipimo.

Tunachozungumzia hapa ni utafiti wa mtu na chombo chake, ambao vitabu vingine huuita egonomia: swichi na mkono, usukani na jicho, fomu na muuguzi, menyu ya simu na mwenye simu. Mhandisi anayeingia fani hii akitokea kwenye maabara ya zege hupata mshtuko. Mchemraba wa zege ukiupondaponda siku ya 28 haujui kwamba jana ulimponda mwenzake. Hauchoki, haujifunzi, haukisii unachotaka ili ukufurahishe. Mtu hufanya yote matatu, tena ndani ya nusu saa.

Historia ya fani hupenda kuanzia kwenye ndege za kivita za Marekani aina ya B-17. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia marubani wazoefu walikuwa wakitua salama, kisha, ndege ikiwa bado inakimbia ardhini, wanakunja magurudumu badala ya mabapa ya mabawa. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis aliona swichi mbili zinazofanana zimewekwa jirani. Dawa ikawa kuivika moja kigurudumu cha mpira na nyingine kipande chenye umbo la bapa, ili mkono ujue hata jicho likiwa kwingine. Hapo takwimu hazikuwa na kazi kubwa. Tofauti ikiwa ya kiasi hicho, macho yanatosha. Lakini maswali mengi yaliyobaki kwetu si ya namna hiyo. Ni ya tofauti ndogo zilizojificha ndani ya tofauti kubwa iliyopo baina ya mtu na mtu.

Tubuni mfano wenye sura ya hapa. Kampuni ya simu ina menyu ya kutuma pesa yenye hatua saba. Mwanafunzi wa Kiriri ametengeneza nyingine ya hatua nne na anataka kujua kama watu hukosea kidogo zaidi. Kazi anayowapa ni moja: tuma faranga 5,000 kwa namba hii. Zikifika bila kusaidiwa, umefaulu. Zikienda kwa mtu mwingine, au ukikwama njiani, hukufaulu.

Anaanza na nani? Wenzake wa bwenini ndio walio karibu, na karibu wote watafaulu menyu zote mbili, jambo ambalo halimwambii lolote. Ashuke hadi soko la Ruvumera, Buyenzi, akawakute wenye vitochi, wanaozungumza Kiswahili kutwa nzima na kuwapa watoto wao simu wawasomee ujumbe wa Kifaransa. Huko ndiko pesa zinakopotelea kwenye namba zisizo zao. Hakuna kipimo cha takwimu kinachoweza kumgeuza mwanafunzi wa uhandisi kuwa muuza mchicha, hata ukiwapima mia tano.

Baada ya hapo kuna njia panda, na ndiyo kiini cha sura hii. Anaweza kuchukua watu sitini, thelathini watumie menyu ya zamani na thelathini wengine ile mpya. Au achukue thelathini tu, kila mmoja atumie zote mbili. Katika njia ya kwanza, kila tofauti iliyopo baina ya watu (umri, elimu, macho, uzoefu wa simu) inaingia kwenye hesabu kama kelele, na menyu bora inabidi ipige kelele kuishinda hiyo. Katika njia ya pili mtu analinganishwa na nafsi yake. Kelele hupungua mno, na watu wachache huweza kufanya kazi ambayo katika njia ya kwanza ingehitaji umati.

Ndiyo maana watafiti wengi hukimbilia njia ya pili. Bei yake hulipwa kwenye mfuatano. Mama aliyetumia menyu ya zamani dakika tano zilizopita anaijua sasa namba ya kupokea, ameshazoea vibonye, woga umempungua. Menyu mpya ikija ya pili itasifiwa kwa mafunzo yaliyotolewa na mwenzake. Dawa inayojulikana ni kuwagawa: kumi na tano waanze na ya zamani, kumi na tano waanze na mpya, na kura ndiyo iamue nani yuko wapi. Menyu zikiwa tatu, mifuatano inayowezekana ni sita, kwa hiyo idadi ya watu iwe inayogawanyika kwa sita. Zikiwa nne, mifuatano ni 24, na hapo hutumika mraba wa Kilatini. E. J. Williams alionyesha mwaka 1949 namna ya kuupanga ili, kwa idadi shufwa ya menyu, mifuatano iwe mingi kama menyu zenyewe na bado kila moja itanguliwe na kila nyingine mara sawa. Kwa menyu nne, basi, mifuatano minne yatosha.

Sasa, kugawa mfuatano hakumalizi kila kitu, na hapa wengi hulala. E. C. Poulton, mtafiti wa Cambridge, aliandika mwaka 1973 makala kali dhidi ya mazoea ya kumpima mtu yuleyule kwa kila hali. Hoja yake, kwa kifupi, ni kwamba athari inayobebwa kutoka hali ya kwanza kwenda ya pili si lazima ilingane na ile ya kurudi. Aliyeanza na menyu ya hatua nne akiingia ya hatua saba atakuwa akitafuta njia ya mkato ambayo haipo, atakasirika, atabonyeza ovyo. Aliyeanza na ya hatua saba akiingia fupi ataona raha. Pande hizo mbili hazifutani, hata kura ingekuwa ya haki namna gani. Ukaguzi wake ni rahisi: tazama kwanza jaribio la kwanza la kila mtu peke yake, kana kwamba una makundi mawili tofauti. Picha hiyo ikipingana na ya jumla, amini ya kwanza.

Kuna maswali ambayo njia ya pili imefungwa kabisa. Ukitaka kujua mtu anafanyaje akikutana na menyu kwa mara ya kwanza, huwezi kumpa mara ya kwanza mbili. Vivyo hivyo ukipima mafunzo: aliyekwisha fundishwa hawezi kurudishwa kuwa asiyejua.

Tuseme mwanafunzi wetu amefanya sawasawa. Watu thelathini wa Ruvumera, kila mmoja menyu zote mbili, mfuatano kwa kura. Matokeo: menyu mpya wamefaulu 22, ya zamani 15. Anafungua programu, anaona neno kai mraba, anaweka namba nne kwenye jedwali, anapata thamani ya p ya 0.06. Anahuzunika, kwa sababu mpaka wa mazoea ni 0.05, anaandika kwamba hakuna tofauti.

Lakini kai mraba hiyo inadhani ana watu sitini wasiojuana. Yeye ana thelathini waliopimwa mara mbili, na jedwali lake limetupa habari ya thamani kuliko zote: ni nani aliyefaulu wapi. Tuirudishe. Huenda wale 15 waliofaulu menyu ya zamani wote walifaulu na mpya, na wengine saba wakafaulu mpya tu. Basi waliobadilika ni saba, na wote saba wamebadilika upande mmoja. Kama menyu hazikutofautiana, kila mmoja wa hao saba angekuwa kama sarafu iliyorushwa, na sarafu saba kuangukia upande mmoja, uwe huu au ule, ni jambo la mara moja katika 64. Hiyo ni p ya 0.016.

Huenda ikawa vingine. Waliofaulu zote mbili ni 11, mpya tu 11, ya zamani tu wanne, na wanne hawakufaulu popote. Jumla ni zilezile: 22 kwa 15. Ila sasa waliobadilika ni 15, na wanne kati yao wamekwenda upande ambao mbunifu hakuutarajia. Sarafu 15 kugawanyika 11 kwa nne au zaidi ya hapo hutokea karibu mara 12 katika mia. Ushahidi umelegea. Tena kuna jambo la kuuliza kuhusu wale wanne: menyu fupi imewaficha nini?

Kwa hiyo jumla zilezile zinaweza kubeba hadithi mbili, na kai mraba ya kawaida inazipa zote 0.06 bila kupepesa. Kipimo kinachotazama waliobadilika tu kinaitwa kwa jina la Quinn McNemar, aliyekichapisha mwaka 1947. Umeona kwamba hakihitaji kompyuta. Kinachohitajika ni kwamba wakati wa kukusanya, kila mtu awe na namba yake na safu yake. Mtu aliyejumlisha matokeo jioni kila siku na kutupa karatasi hawezi kukitumia tena, hata akilia.

Muda wa kumaliza kazi nao una vituko vyake. Wengi watamaliza kwa sekunde arobaini au hamsini, kisha mmoja atatumia dakika sita kwa sababu mteja alikuja kuuliza bei ya nyanya. Wastani wa kawaida utavutwa na huyo mmoja. Hila ya kawaida ni kuchukua logi ya kila muda kabla ya kutumia kipimo cha t cha jozi, na jibu likirudishwa kwenye sekunde husomeka kama uwiano: menyu mpya inachukua, tuseme, robo tatu ya muda wa zamani. Hilo wasomaji hulielewa upesi kuliko tofauti ya sekunde.

Lililo baya zaidi halionekani kwenye wastani wowote. Wasiomaliza hawana muda wa kuandikwa, hivyo safu zao hubaki tupu, na programu huziruka kimyakimya. Fikiria menyu ngumu kiasi kwamba werevu tu ndio wanaomaliza. Wastani wa muda wa hao werevu utakuwa mzuri ajabu, na menyu ngumu itatangazwa kuwa ya haraka. Nimeona jambo hili kwenye kazi zilizopita mbele ya jopo bila swali. Njia ya uaminifu ni kuwahesabu waliokwama kama watu ambao muda wao ulizidi kikomo ulichoweka, kwa mbinu za uchambuzi wa uhai, zile walizotoa Kaplan na Meier mwaka 1958 kwa ajili ya wagonjwa. Mbinu ile inayohesabu waliobaki hai huhesabu pia waliobaki wakihangaika na simu.

Kisha huja maswali ya maoni: "Menyu hii ni rahisi," chagua moja hadi tano. Kuna vita vya miaka mingi kama inafaa kuchukua wastani wa majibu hayo. Mimi sioni haja ya kumwaga damu. Kwa jozi tumia kipimo cha ishara na vyeo alichokitoa Frank Wilcoxon mwaka 1945, kwa makundi mawili tofauti tumia cha Mann na Whitney, halafu chora majibu yenyewe msomaji ayaone. Wasiwasi wangu ni mwingine: mgeni kutoka chuo kikuu akikuuliza kwa adabu kama chombo chake ni kizuri, utamjibu nini? Ruvumera watu wana heshima. Nne na tano zitajaa, na hakuna kipimo kitakachotenganisha heshima na ukweli.

Neno moja kuhusu wingi wa vipimo, kisha tushuke mlima. Ukipima makosa, muda, urahisi, kuridhika, na mizani sita za uzito wa kazi za NASA-TLX, kisha ukavigawa kwa jinsia, utafika vipimo ishirini kabla ya chai. Hata kama menyu hazina tofauti yoyote, uwezekano wa kupata angalau kimoja chenye p chini ya 0.05 ni karibu asilimia 64, vikiwa huru. Taja kabla ya kuanza ni kipi hasa kitakachoamua, uandike tarehe, umpe msimamizi nakala.

Mfano wa Ruvumera ni mdogo na unafanyika kwenye benchi. Afrika Mashariki ina mfano mkubwa uliofanyika barabarani, na ni mmoja wa majaribio bora ya mtu na chombo niyajuayo popote. James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown waliweka stika ndani ya matatu za Kenya, zenye maneno ya kuwahimiza abiria wapaze sauti dereva akiendesha vibaya. Matatu zaidi ya 1,000 zilichaguliwa kwa nasibu kuwekewa, na nyingine zikawa kundi la kulinganishia. Matokeo hayakupimwa kwa kuwauliza madereva wana maoni gani. Yalipimwa kwa madai ya bima, ambayo huandikwa na watu wasiojali stika. Makala ilitoka mwaka 2011: madai, ambayo mwanzo yalikuwa karibu asilimia 10 ya magari kwa mwaka, yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili.

Kilichonivutia ni mambo mawili ya upangaji. La kwanza: stika hubanduka, na dereva aliyepangiwa anaweza kukataa au kuitoa. Watafiti waliweka bahati nasibu kwa madereva walioendelea kuwa nazo, lakini katika hesabu kuu, gari lililopangiwa stika lilibaki kwenye kundi la stika hata kama halina. Msomaji wa kwanza hudhani huu ni ukaidi. Fikiri kidogo: dereva anayekubali stika ya kuwachochea abiria wamkemee labda ni mpole tangu awali. Ukiwaondoa waliokataa, umewachuja wakorofi kutoka upande mmoja na kuwaacha upande mwingine, na kura yako imekufa.

La pili ni ukubwa. Ajali, ashukuriwe Mungu, ni tukio la nadra, na tukio la nadra linataka magari mengi. Ili uwe na nafasi nne kati ya tano ya kugundua kushuka kutoka asilimia 10 hadi tano, kwa mpaka wa 0.05, unahitaji kama magari 430 kila upande. Ukitaka kugundua kushuka kutoka 10 hadi saba na nusu, unahitaji kama 2,000 kila upande. Athari ikigawanywa kwa mbili, magari yanazidi kwa zaidi ya mara nne. Mwanafunzi anayetaka kupima ajali kwa magari arobaini anajitakia miezi ya kazi isiyo na jibu. Afadhali apime kitu kinachotokea mara nyingi, kama kasi au kufunga breki kwa ghafla, na aseme wazi kwamba hicho si ajali.

Jaribio la pili la watafiti hao, lililochapishwa mwaka 2015, lilihusisha matatu zipatazo 12,000. Safari hii madai yalipungua kwa robo hadi theluthi, na kasi ya magari yenye stika ilikuwa chini kwa kilomita moja au mbili tu kwa saa. Ni kawaida: matokeo ya kwanza ya kusisimua hunywea yakirudiwa kwa upana. Jaribio hilo pia liliuliza kama stika yoyote tu, hata isiyo na wito, ingeleta athari, na halikupata ushahidi wa hilo. Kampeni ya redio iliyokwenda sambamba nayo haikuonekana kuleta kitu. Majibu hayo ya "hapana" yana thamani ileile ya yale ya "ndiyo", kwa sababu yanaonyesha ni sehemu gani ya stika inayofanya kazi.

Matatu unaweza kuipigia kura. Chumba cha upasuaji je? Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya usalama ya upasuaji, vipengele 19, katika hospitali za miji minane: Toronto, New Delhi, Amman, Auckland, Manila, London, Seattle, na Ifakara kwenye bonde la Kilombero, Tanzania. Timu ilisimama mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatoka. Nani yupo, upande gani unapasuliwa, pamba zimetimia? Wagonjwa 3,733 walihesabiwa kabla ya orodha na 3,955 baada yake. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, matatizo makubwa kutoka 11 hadi saba.

Kwa nini hawakupiga kura mgonjwa kwa mgonjwa? Kwa sababu daktari aliyetumia orodha asubuhi hawezi kuisahau mchana kwa ajili ya mgonjwa wa kundi la pili. Orodha inaingia vichwani. Kwa hiyo walilinganisha kabla na baada, na mpango huo una tundu: chochote kingine kilichobadilika katika miezi hiyo kinaingia pamoja na orodha, ikiwemo ile hali ya watu kufanya kazi vizuri zaidi wakijua wanatazamwa.

Njia nyingine ni kuipigia kura hospitali nzima. Hapo huja mtego ambao nauona ndio wa kawaida kuliko yote katika kazi za wanafunzi wetu. Wagonjwa wa hospitali moja hufanana, wanashiriki madaktari, maji na umeme. Tuseme una hospitali nne zenye orodha na nne zisizo nayo, kila moja wagonjwa 500, na kufanana kwao ni kwa kiasi kidogo tu, mgawo wa 0.02. Wagonjwa 2,000 wa kila upande wana uzito wa wagonjwa kama 180 waliochaguliwa mmojammoja. Anayetumia kipimo cha kawaida kana kwamba ana 2,000 atapata p ndogo ya kupendeza isiyo na msingi. Ndivyo ilivyo pia kwa madarasa, saccos za matatu na vituo vya mabasi.

Wanorwe walichagua njia ya katikati. Idara tano za upasuaji katika hospitali mbili zilianza kutumia orodha moja baada ya nyingine, na zamu ya kuanza iliamuliwa kwa nasibu, hadi zote zikaipata. Hakuna aliyenyimwa, na kila idara ilikuwa kipimo cha nafsi yake na cha wenzake waliokuwa bado wakingoja. Matatizo yalishuka kutoka asilimia 19.9 hadi 11.5. Huko Ontario, Kanada, hospitali 101 zililinganishwa kabla na baada, na vifo vilitoka asilimia 0.71 hadi 0.65, tofauti ambayo bahati tu ingeweza kuileta. Makala hiyo ya 2014 iliamsha ubishi mkubwa. Mimi niko upande wa wanaosema kwamba jina la kitu kilichojaribiwa lilikuwa moja, kitu chenyewe hakikuwa kimoja: kusoma orodha kwa sauti huku kila mtu amesimama si sawa na kutia alama karatasi.

Kwa nchi maskini mpango wa zamu una faida ya ziada. Mara nyingi vifaa au mafunzo hayatoshi kufika kila mahali kwa siku moja. Zamu itakuwepo tu, upende usipende. Kinachobaki ni kuamua kama zamu itapangwa kwa nasibu au kwa simu ya mkubwa.

Turudi Bujumbura, kwenye swali ambalo hakuna aliyelipigia kura. Machi 2022 mamlaka zilizuia baiskeli, pikipiki na bajaji kuingia katikati ya jiji, kwa hoja ya usalama barabarani. Je, ajali zilipungua? Mwanafunzi wa Kiriri anayeshuka mlima huo kila siku angependa kulijibu, na angejaribiwa kulinganisha miezi mitatu ya kabla na mitatu ya baada kwa kipimo cha t. Asifanye hivyo. Katika kipindi hichohicho nchi iliingia kwenye uhaba mkubwa wa mafuta, magari yakalala kwenye foleni za vituo. Barabara isiyo na magari haina ajali, na katazo halistahili sifa hiyo.

Anachohitaji ni mfululizo mrefu wa miezi, ili mwelekeo wa kabla ya Machi ujulikane na aone kama mstari ulivunjika pale au uliendelea kuteremka kama ulivyokuwa. Miezi nayo si sarafu: mwezi mbaya hufuatwa na mwezi mbaya, na kipimo lazima kilijue hilo. Anahitaji mji mwingine wa Burundi uliobanwa na uhaba uleule wa mafuta lakini usioguswa na katazo. Anahitaji kugawa ajali kwa safari, si kwa siku. Na atazame pembeni ya eneo lililozuiwa, pale ambapo pikipiki zililazimika kugeuza na abiria kuvuka kwa miguu, maana ajali huweza kuhama bila kupungua. Yote hayo yanategemea daftari la ajali lenye miaka kadhaa ya kabla ya 2022, ambamo aliyeandika alitaja barabara yenyewe na makutano yake badala ya kuandika "mjini" tu.